Mji Mmoja, Wateja Wawili: Bunduki Mbovu Ilikuwa ya Nani?

Tuseme umenunua bastola ya silinda, mpya kabisa, leseni iko sawa. Unafyatua mara ya kwanza, inakataa. Unazungusha silinda, unahisi inakwama. Ni wewe hujui kuitumia, ama kuna mtu kiwandani alilala kazini? Wasee wengi watasema hilo ni swali la matajiri wa Nairobi. Zii. Ni swali la zaidi ya miaka 250, na Mwafrika yuko ndani yake tangu mwanzo.

Tuanze Birmingham, Uingereza. Karne ya 18, mafundi wa huko walikuwa wanatengeneza maelfu ya bunduki za kupelekwa Afrika Magharibi kununua watumwa. Mwaka wa 1766, Lord Shelburne, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, aliandika kwamba zaidi ya nusu ya bunduki hizo zilikuwa za kupasuka mkononi mwa mtu wa kwanza kuzifyatua. Soma tena pole pole. Watu walijua, na meli ziliendelea kuondoka. Mteja angekatwa vidole mbali sana, na hangeweza kurudi dukani.

Mwaka wa 1813 sheria ya Bunge ilianzisha nyumba ya majaribio ya mitutu hapo Birmingham. Kazi yake ni rahisi kuelewa: mtutu unajazwa baruti kuliko kawaida na kufyatuliwa mtu akiwa mbali. Ukipasuka, umepasukia huko. Ukivumilia, unakaguliwa halafu unagongwa muhuri. Huo muhuri mdogo kwa chuma ni ahadi kwamba kuna mtu alijaribu kabla yako.

Sasa angalia. Mwaka wa 1887 jeshi la Uingereza lilichagua bastola ya Webley kwa ajili ya maafisa wake. Ilitengenezwa wapi? Birmingham. Mji ule ule. Ujuzi haukuwahi kuwa shida. Kilichobadilika ni nani ameshika silaha, na kama akiumia kuna mtu ataulizwa.

Miaka mitatu baadaye, 1890, mataifa makubwa yalikutana Brussels na kukubaliana kuzuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachiwa nafasi ni magobore ya zamani ya kuwashwa kwa jiwe. Yaani Mwafrika akipata bunduki, iwe ile mbaya.

Hapo ndipo hadithi inafika kwetu Gusii. Wahunzi wetu walifua mikuki na majembe. Mkuki ukivunjika unajua boma la aliyeufua, unaenda unamwambia. Mwaka wa 1905 wanajeshi wa kikoloni walikuja na bunduki ya mashine. W. Robert Foran, afisa wa polisi wa kikoloni, aliandika kwamba ilifyatuliwa muda mrefu hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Mamia ya Abagusii walikufa. Hiyo bunduki haikuwa na kasoro yoyote. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mkuu wa wilaya, na adhabu iliyofuata ilikuwa kali hadi Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni, akalalamika kwamba mauaji yamezidi.

Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigania mji wa Kisii wenyewe. Vita hivyo vilipoanza, askari Waafrika wengi wa Wajerumani bado walikuwa na bunduki za muundo wa 1871. Zilitoa moshi mzito mweupe. Ukifyatua tu, adui anajua umelala wapi. Waliozitoa walijua, lakini aliyelala nyuma ya moshi hakuwa wao.

Turudi kwa bastola yako. Leo una kitu ambacho mnunuzi wa 1766 hakuwa nacho. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia ukiumizwa na kasoro. Kwa hivyo risasi ikikataa, elekeza mtutu mahali salama, subiri nusu dakika, kwa sababu risasi nyingine huchelewa kulipuka. Toa risasi zote. Halafu usiguse skurubu. Andika kilichotokea, siku na aina ya risasi, urudishe kwa muuzaji aliyesajiliwa. Fundi wa jua kali hata akiwa moto, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu kuirekebisha. Na ukiifungua mwenyewe, umeharibu ushahidi wako.

Lakini mimi simfikirii sana huyo mwenye leseni na wakili. Namfikiria polisi kijana kwenye kituo kidogo huko Nyamira, ambaye silaha yake hakuichagua na hana risiti. Tangu Aprili 2021 Kenya ina kiwanda chake cha bunduki pale Ruiru. Poa, najivunia. Lakini yake ikikwama usiku, analalamika kwa nani, na anayepokea lalamiko anaweza kusimamisha kiwanda? Birmingham ilijua kutengeneza bunduki nzuri miaka yote hiyo. Ilianza kujali pale mwenye kuishika alipoweza kuuliza swali na kujibiwa.