Bull: Mbwa aliyeufuata msafara wa Stanley hadi mwisho wa nguvu zake

Na Mwandishi Wetu

UKIPITA katika mitaa ya Goba, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, hutakosa kuona geti lililoandikwa ‘Mbwa Mkali’. Kwa wakazi wengi wa mjini, kazi ya mbwa huanzia na kuishia hapo: hulinda nyumba usiku na kufungiwa bandani mchana.

Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa wapo mbwa waliovuka nchi hii kwa miguu, nyuma ya mabwana zao, hadi wakafia njiani.

Novemba 17, 1874, msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo, mji ulio takriban kilometa 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ukiwa na watu 356, wengi wao wakiwa wapagazi. Wazungu walikuwa wanne: Stanley mwenyewe, ndugu wawili Frank na Edward Pocock, pamoja na Frederick Barker.

Walikuwamo pia mbwa watano: Castor, Captain, Nero, Jack na Bull. Castor alikuwa zawadi ya tajiri wa Uingereza, Baroness Angela Burdett-Coutts. Nero, Jack na Bull walichukuliwa kutoka makao ya mbwa wasio na wenyewe yaliyoko Battersea, London.

Msafara ulipita Ugogo, ukakumbwa na njaa na maradhi, na Februari 27, 1875 ukafika Kageyi, kusini mwa Ziwa Victoria. Wakati huo Edward Pocock alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Barker naye alifia Kageyi muda mfupi baadaye. Mbwa nao walipukutika mmoja baada ya mwingine, akabaki Bull peke yake.

Mwaka 1876, msafara ukitoka Karagwe kuelekea Unyamwezi, zamu yake ikafika. Stanley anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1878 kuwa Bull, aliyekuwa mzee na aliyekwisha tembea takriban kilometa 2,400, alijikokota akiwafuata wabeba bunduki hadi miguu ikamwishia nguvu. Alilala katikati ya njia akilia, akafa macho yake yakiangalia kule msafara ulikoelekea.

Bull hakuwa wa kwanza. Mwaka 1866, David Livingstone alitua Mikindani na kufuata Mto Ruvuma akiwa na mbwa mdogo aitwaye Chitane. Mbwa huyo alikuwa akikimbia hadi mbele ya msafara, kisha kurudi nyuma kuwabwekea waliochelewa.

Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, walivuka bwawa lenye upana wa zaidi ya kilometa moja, maji yakiwafika kiunoni. Livingstone alitangulia na kusahau kuagiza mtu ambebe Chitane. Mbwa huyo aliogelea katikati ya watu hadi akazama. Livingstone hakuficha kosa lake, aliliandika katika shajara yake.

Stanley naye aliyaona mengine mwaka 1888, katika safari ya kumwokoa Emin Pasha, iliyoishia Bagamoyo Desemba 1889. Akiwa Ngome ya Bodo, katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, alimwacha mbwa wake Randy ili kumwepusha na mwendo mgumu. Randy aligoma kula tangu bwana wake alipoondoka, na siku ya tatu akafa.

Ni kweli kwamba vitabu hivyo vimetunza majina ya mbwa hawa huku mamia ya wapagazi waliokufa katika njia zizo hizo wakibaki bila jina. Dosari hiyo ni ya walioandika, wala haiwahusu mbwa.

Kilicho wazi ni kwamba mbwa hachagui safari. Chitane alikufa kwa kusahauliwa, na Randy kwa kuachwa, ingawa aliyemwacha alimtakia mema.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze. Kwa mkazi wa Goba, hiyo ni kumpa mbwa chakula, maji na chanjo ya kichaa cha mbwa, na kumfungulia mlango wa banda. Mlinzi wa geti naye anamtegemea bwana wake kwa kila kitu, kama Bull alivyomtegemea Stanley.