Mi-solo iko wapi? Okestra za wazee wetu na kazi ya kukusanya nyimbo zao

Zamu ya wiki hii ni muziki. Msiseme "aah, muziki tena". Hii ni historia kabisa, na imejaa watu waliovuka mipaka kama sisi.

Ilianza hivi. Kikundi chetu kilichanga pesa kidogo kidogo, hela ya sabuni, hela ya kuchaji simu, mpaka tukaweza kutuma wenzetu wawili Mbarara kununua sabufa. Muuzaji akawaonyesha ile ya spika tano ndogo na boksi moja kubwa la besi. Akawaambia, "Hii sauti yake inazunguka. Mtasikia kama bendi iko ndani ya nyumba." Wenzetu wakaamini. Njia nzima ya kurudi walilipakata lile boksi ndani ya takisi kama mtoto mgonjwa.

Jumamosi tukaita wazee. Tukapanga spika nne kwenye kona za ukumbi, ya tano katikati mbele, tukachomeka flashi yenye nyimbo za zamani tulizojaziwa kwenye kibanda kimoja. Sauti ilikuwa kubwa, hilo hatukatai. Lakini kila spika ilitoa kitu kilekile. Papa mmoja, ambaye alipiga gitaa kwenye baa za Bukavu kabla ya vita, alisimama, akatembea kona mpaka kona, akitega sikio kwenye kila spika. Halafu akarudi kukaa.

"Wanangu," akasema, "mi-solo iko wapi?"

Kwa sisi tuliozaliwa juzi, tueleze. Okestra ya rumba ya Kongo haina gitaa moja. Kuna solo, linalopanda juu na kuongoza sebene. Kuna akompa, linaloshika mwendo. Kuna besi. Na katikati ya solo na akompa kuna mi-solo, linalojibu, linalojaza pengo. Ukilitoa, mtu ambaye hajui hatagundua. Aliyelipiga maisha yake yote atagundua mara moja. Kwenye faili yetu mi-solo ilikuwa imepotea, kwa sababu ule wimbo ulikuwa umekopiwa kutoka kaseti kwenda simu, kutoka simu kwenda simu, na kila mara ukapunguzwa ili usijaze memori.

Tukaona aibu kidogo. Usiku, saa ile bando ni rahisi, tukaanza kutafuta: hii sauti ya kuzunguka inafanyaje kazi? Kumbe spika nyingi peke yake hazitoshi. Ni lazima kila spika ipewe sauti yake. Kama wimbo umerekodiwa kwa njia mbili, kushoto na kulia, ukiweka spika tano au hamsini bado una njia mbili tu.

Na hapo tukakutana na hadithi ambayo hatukuitegemea. Miaka ya 1970 kampuni kubwa za santuri za Ulaya na Marekani zilikuwa zinarekodi okestra zile za violini na matarumbeta kwa njia nne: mbili za mbele, mbili za nyuma. Walitaka msikilizaji akae nyumbani asikie kama yuko ukumbini, muziki mbele yake na mwangwi wa ukuta nyuma yake. Lakini mitambo ya kusikilizia ilikuwa ghali, na kila kampuni ilikuja na mfumo wake usioelewana na wa mwenzake. Wanunuzi wakachoka. Kabla ya miaka kumi kuisha mambo yakafa. Muziki uliuzwa kwa njia mbili, na kanda zenye njia nne zikalala stoo.

Zililala muda mrefu. Mwaka 1999 Sony na Philips walitoa diski mpya inayoitwa SACD, ambayo inaweza kubeba njia zaidi ya mbili. Mwaka 2001 watu waliotoka Philips wakaanzisha kampuni Uholanzi, PentaTone, nayo ikaenda kwenye zile kanda za zamani na kuzitoa upya, safari hii na njia zote nne. Leo kuna watu duniani wanaozikusanya diski hizo moja moja, wanalinganisha toleo na toleo, wanabishana ipi imetoka kwenye kanda ya kwanza na ipi ni kopi ya kopi. Mwanzoni tulicheka. Watu wana pesa ya kuchezea, tukasema. Halafu tukakumbuka swali la Papa, tukaacha kucheka. Wao nao wanauliza kitu kilekile: sehemu iliyokosekana iko wapi? Kwao jibu lilikuwa stoo, miaka karibu thelathini, kwa sababu kuna mtu aliyeitunza kanda na kuandika juu yake ni nini.

Sasa okestra zetu. Ndiyo, wazee waliziita okestra, na walikuwa na haki. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha lebo ya Ngoma kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akarekodi "Marie-Louise". Mwaka 1953 Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz. Mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya Franco. Miaka miwili baadaye, 1958, ikafunguliwa Nakivale yetu. Kwa hiyo OK Jazz na kambi hii karibu ni marika.

Halafu okestra zikaanza kuja upande wetu, mashariki. Super Mazembe ilianza Lubumbashi mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, na mwaka 1974 ikawa imefika Nairobi. Baba Gaston alipitia Dar es Salaam akaenda Nairobi, na mwaka 1976 wanamuziki wake wengi wakamwacha, wakaunda Les Mangelepa. Orchestra Makassy ilianzia hapahapa Uganda, Kampala, ikahamia Dar es Salaam wakati wa Idi Amin. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, naye alipitia Uganda kabla ya kuingia Nairobi mwaka 1977, na baadaye akaunda Orchestra Virunga, jina la milima ambayo wengi wetu tuliiacha nyuma yetu tukiwa na mizigo kichwani. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga na Makassy, ambaye ni mjomba wake, kisha akawa na Matimila. Mwaka 1989 studio ya Real World kule Uingereza ilitoa "Songs for the Poor Man". Alifariki Desemba 2010, na mpaka leo Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Mtu wa Maniema ameachia kituo jina ugenini.

Kwa nini wengi waliishia Nairobi? Jibu moja ni kwamba pale kulikuwa na studio na viwanda vya kutengeneza santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda hicho, bendi nyingi zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania na wimbo ukabaki kwenye kanda za redio. Basi aliyefika Nairobi aliacha santuri. Aliyerekodi redioni aliacha kanda, kama kuna aliyeitunza. Na aliyepiga baa peke yake aliacha masikio ya watu.

Ndiyo maana matoleo mapya hayako sawa kwa wote. Mwaka 2008 na 2009 Sterns ya London ilitoa "Francophonic", mikusanyo miwili ya Franco yenye kitabu cha maelezo ndani. Mwaka 2016 ikatoa "Urgent Jumping!", nyimbo za dansi za Afrika Mashariki. Kazi nzuri. Lakini diski hizo zinauzwa kwa bei ya kule, na sisi tunajaziwa nyimbo kibandani kwa shilingi kidogo, na kwa hizo shilingi mwanamuziki hapati hata moja. Tunalisema wazi kwa sababu na sisi tumo.

Kibandani wimbo unapoteza sauti, na zaidi ya hapo unapoteza jina. Kwenye flashi yetu tulikuta "Zilipendwa 07", "Rhumba kali", na wimbo mmoja umeandikwa jina la DJ. Chukueni "Shauri Yako". Karibu kila mtu anasema ni ya Super Mazembe, na kweli wao ndio walioifanya ijulikane Kenya nzima. Lakini aliyeitunga ni Nguashi Ntimbo, na aliipiga kabla yao na Festival du Zaïre. Tulipowasomea wazee hili, wawili walibishana mpaka chai ikapoa. Kama wimbo mkubwa hivyo unaweza kumpoteza mwenyewe, mdogo utafanyaje?

Tumeshafungua daftari. Kila wimbo una ukurasa wake: okestra gani, mji gani, mwaka kama unajulikana, nani anaimba, nani yuko kwenye kila gitaa, na tumepata kopi kutoka wapi. Tukipata kopi bora tunafuta ile mbovu. Chini ya ukurasa tunaandika mzee aliyetusaidia aliusikia wapi kwa mara ya kwanza. Mama mmoja alisema, "Uvira, redio ya jirani, siku ya ndoa ya dada yangu." Hilo nalo tumeliandika.

Tunarudi kwa Papa wa mi-solo. Tulimwuliza kama bendi yake ilirekodi. Akasema ndiyo, mara moja, redioni, nyimbo mbili. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa kopi. Aliisikia ikipigwa siku moja akiwa kwa kinyozi, akainuka na sabuni kidevuni kuwaambia watu, "Huyo ni mimi!" Hawakumwamini. Tumeuliza kila tunayemjua, tumetafuta kwenye intaneti usiku mwingi, na mpaka leo hatujapata. Hatuna uhakika kama kanda ipo. Labda iko kwenye rafu fulani bila jina. Labda iliungua.

Wiki iliyofuata tulimpa gitaa la kuazima, kamba tano tu. Akapiga sehemu yake ya wimbo wa kwanza, ile mi-solo peke yake, bila solo, bila akompa, bila mwimbaji. Tulirekodi kwa simu mbili, moja mbele na moja nyuma yake. Wimbo wa pili alianza, akasimama katikati, akasema vidole vimesahau. Akaahidi kujaribu tena. Kwenye daftari ukurasa wake una jina lake, jina la bendi na mji. Mwaka tumeacha wazi, bado anahesabu.

Sasa tunawaomba nyinyi. Leo jioni, kabla mzee wenu hajalala, mwulizeni mambo matatu: okestra gani ulipenda, uliisikia wapi, na unamjua nani aliyepiga ndani yake. Mwacheni aimbe, msimkatize. Rekodini kwa simu, andikeni jina lake kwenye faili kabla ya kuituma, halafu mtuletee. Kama kuna yeyote mwenye kanda za bendi za Bukavu, hata kama zimechakaa, atuambie haraka. Papa anatuuliza kila Jumamosi.