Kutoka Bills hadi Kuluna: historia ya ngumi ya polisi juu ya vijana wa Congo

Kila mara vijana wenye mapanga wanapovamia kartie na kumnyang'anya simu mama anayetoka soko, maneno yanayosikika kesho yake ni yaleyale. Mmoja anasema polisi ni laini mno, hawa watoto wapigwe risasi iishe. Mwingine anajibu kwamba anayepigwa risasi ni mtoto wa mtu, na pengine siye aliyeiba. Kinshasa wanawaita kuluna. Goma, Bukavu na Bunia watu wamezoea kusema maibobo, ingawa maibobo wengi ni watoto wa barabarani tu ambao hawajawahi kushika panga.

Mabishano haya hayakuanza jana. Congo inayaishi kwa zaidi ya miaka 70, na kila utawala umejaribu dawa yake. Ni vizuri kutazama dawa hizo zilileta nini, kwa sababu leo familia nyingi zilizokimbia vita zinalea vijana mahali ambapo hawajulikani, na kijana asiyejulikana ndiye wa kwanza kushukiwa.

Fimbo ya mkoloni

Katika miaka ya 1950 mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, ulikuwa unajaa vijana kwa haraka kuliko kazi na shule. Wengi walipenda sana filamu za cowboy kutoka Marekani. Wakaanza kuvaa kama wale wa kwenye filamu, kujiita Bills kwa jina la Buffalo Bill, kugawana makartie na kupigana wao kwa wao. Wakajitungia hata lugha yao, Hindubill. Wakubwa wa mji waliwaogopa, na wazazi wengi waliwaogopa pia.

Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na dawa mbili. Moja iliandikwa kwenye karatasi: dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto waliokosa, iliyosema mtoto ahukumiwe tofauti na mtu mzima. Nyingine ilikuwa mikononi mwa askari: fimbo ya ngozi ya kiboko, iliyokuwa imewachapa wazee wao tangu siku za Léopold II. Idadi ya viboko ilipunguzwa hatua kwa hatua, lakini adhabu yenyewe ilifutwa mwaka 1959 tu, mwaka mmoja kabla ya uhuru.

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo haikutoka serikalini. Padri mmoja Mbelgiji, Jozef de Laet, aliwafuata Bills mahali walipokaa. Alijifunza lugha yao na kukubali kuitwa jina la kwao, Père Buffalo. Alitumia michezo na urafiki kuwavuta vijana waliokuwa wameshindikana kwa polisi na kwa wazazi. Hakumaliza magenge yote. Lakini wazee wa Kinshasa bado wanamkumbuka kwa jina, jambo ambalo makamanda wengi wa wakati ule hawakulipata.

Tarehe 4 Januari 1959 moto ukawaka. Mkutano wa chama cha Abako ulikatazwa, na siku hiyohiyo umati ulikuwa unatoka uwanja wa mpira. Vijana wakaingia barabarani, maduka yakavunjwa, na jeshi la Force Publique likafyatua risasi. Hesabu ya wakoloni ilisema watu karibu 50 walikufa. Wengine wanasema ni mamia. Baadaye watu wengi wasio na kazi walifukuzwa mjini na kurudishwa vijijini. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa ya mashahidi wa uhuru. Vijana ambao siku ile waliitwa wahuni, leo taifa linawaombolea.

Kutoka polisi hadi jandarma

Baada ya uhuru fimbo haikuondoka. Mobutu alipochoka na wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium, walioandamana mwaka 1969 wakapigwa risasi na askari, na wakaandamana tena mwaka 1971, aliwaingiza jeshini kwa nguvu. Mwaka 1972 aliivunja polisi na kuiweka ndani ya jandarma, yaani chini ya mafundisho ya kijeshi. Kwa miaka mingi Mkongomani aliyeita polisi alijibiwa na askari wa vita.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Askari wa jeshi hufundishwa kwamba mbele yake kuna adui. Polisi hufundishwa, au angepaswa kufundishwa, kwamba mbele yake kuna raia, hata kama raia huyo ni mwizi. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya polisi ya taifa, PNC, ilikuja kurekebisha hilo. Inasema polisi ni ya kiraia, na nguvu itumike pale tu inapolazimika kabisa, kwa lengo halali, na kwa kipimo kinacholingana na hatari iliyopo. Sheria ikawa nzuri. Miaka miwili baadaye ikapimwa.

Likofi

Kufikia mwaka 2013 kuluna walikuwa wamewachosha wakaaji wa Kinshasa. Neno hilo watu wengi hulitoa kwenye Kireno cha Angola, lenye maana ya msafara wa askari, na kweli walitembea kwa kundi. Walikata watu mikono kwa ajili ya simu. Hakuna anayepaswa kusahau hilo anapozungumzia haki zao, kwa maana waliokatwa nao walikuwa watoto na wazazi wa watu.

Tarehe 15 Novemba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Likofi. Likofi kwa Lingala ni ngumi. Mwanzoni wengi walishangilia. Lakini baada ya siku chache habari za namna nyingine zilianza kutoka. Polisi, mara nyingi wakiwa wamefunika nyuso, waliingia nyumbani usiku bila karatasi ya hakimu, wakawatoa vijana nje na kuwaua mbele ya jirani na ndugu. Wengine walipakiwa kwenye magari na hawakuonekana tena.

Oktoba 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini Congo ilitoa ripoti yake: watu 9 waliuawa bila hukumu na 32 walitoweka. Mwezi uliofuata shirika la Human Rights Watch likatoa hesabu yake: vijana na watoto 51 waliuawa na 33 walitoweka, na kati ya waliouawa walikuwemo wenye miaka 14 hadi 17. Shirika hilo lilieleza pia kwamba baadhi ya waliouawa hawakuwa kuluna hata kidogo, na kwamba familia zilitishwa zisiseme wala kulilia wafu wao hadharani. Waandishi wa habari waliofuatilia nao walitishwa.

Serikali ilizikataa ripoti hizo. Mkuu wa ofisi ile ya Umoja wa Mataifa, Scott Campbell, aliambiwa aondoke nchini. Kamanda aliyetajwa kuongoza operesheni, Célestin Kanyama, alikana, na Juni 2016 Marekani ikamwekea vikwazo. Machi 2015 maiti 421 zilizikwa usiku katika kaburi moja huko Maluku, kando ya Kinshasa. Serikali ilisema ni za watu wasio na familia na watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa. Kuna wazazi waliotafuta watoto wao tangu Likofi ambao waliomba kaburi lile lifunguliwe ili wajue.

Je, ngumi ilimaliza kuluna?

Swali hili linajibiwa na miaka iliyofuata. Mwaka 2018 polisi ilirudi na Likofi ya nne. Human Rights Watch ilihesabu vijana 27 waliouawa na 7 waliotoweka kati ya Mei na Septemba mwaka huo. Kama Likofi ya kwanza ingekuwa imefaulu, ya nne ingetafuta nani?

Tangu mwaka 2020 serikali ilibadilisha njia. Vijana waliokamatwa Kinshasa walianza kupelekwa Kaniama-Kasese, katika jimbo la Haut-Lomami, kwenye kituo cha Service National. Huko wanafundishwa kulima, kujenga na useremala, na wanaitwa wajenzi wa taifa. Wengi wanaona hii ni bora kuliko risasi, na ni kweli: aliye hai anaweza kubadilika. Lakini wanasheria wanauliza ni hakimu gani aliyewahukumu, na kwa muda gani. Anayejua historia ataona pia jambo la zamani limerudi: mwaka 1959 wasio na kazi walipelekwa vijijini, mwaka 1971 wanafunzi walipelekwa jeshini. Kila mara tatizo liliondolewa machoni mwa mji mkuu.

Halafu ikaja Desemba 2024 na Operesheni Ndobo, yaani ndoano. Miezi michache kabla, Machi 2024, serikali ilikuwa imeondoa kizuizi cha kunyonga kilichokuwepo tangu mwaka 2003. Waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, akatangaza kifo kwa kuluna. Mwanzoni mwa 2025 wanaume 102 walikuwa wamepelekwa gereza la Angenga, jimbo la Mongala, wakisubiri hukumu hiyo. Ilisemwa wana umri kati ya miaka 18 na 35. Tena wengine walishangilia, na tena wengine waliuliza kesi hizo ziliendaje haraka namna ile.

Umri ni uhai

Hapo kwenye miaka 18 ndipo familia zilizokimbia zinaguswa moja kwa moja.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Wa kati ya 14 na 18 anapelekwa mbele ya tribinali ya watoto, ambako hakimu anaweza kumwonya, kumrudisha kwa wazazi au kumweka chini ya uangalizi. Hukumu ya kifo na kifungo cha maisha ni marufuku kwa kosa lililofanywa na mtoto. Na pakiwa na mashaka makubwa juu ya umri wake, sheria inasema ahesabiwe kuwa mtoto.

Lakini askari aliyemkamata kijana usiku haulizi sheria, anatazama urefu. Kijana wa miaka 16 aliyebeba magunia tangu walipokimbia Masisi, Rutshuru au Djugu anaweza kuonekana wa miaka 20. Akiulizwa karatasi, hana: nyumba iliungua, au cheti cha kuzaliwa hakikutolewa kamwe, ingawa sheria inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Kwake, tofauti kati ya tribinali ya watoto na gereza la wakubwa inaweza kuwa karatasi moja iliyobaki njiani.

Ndiyo maana kadi ya chanjo, karatasi ya ubatizo na bulletin ya shule zisichezewe. Zitiwe katika mfuko wa plastiki pamoja na vitu vya kwanza vya kukimbia navyo. Kijana akikamatwa, mzazi asingoje kesho. Aende kasho siku hiyohiyo pamoja na chef wa kartie au mtu mwingine anayemfahamu mtoto, aseme umri wake mbele ya mashahidi, na aombe apelekwe kwa polisi ya watoto, ile inayoitwa PEPVS.

Samaki hukunjwa, havunjwi

Wanaotaka mkono mzito hupenda methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, lakini inasema kukunja, na inasema angali mbichi. Inamdai mzazi, mwalimu na chef wa kartie kabla haijamdai polisi. Inadai shule isiyomfukuza mtoto wa mkimbizi kwa kukosa pesa, na kazi kwa yule aliyemaliza.

Polisi nao wanadaiwa. Mama aliyekatwa panga ana haki ya kuona aliyemkata anakamatwa, anahukumiwa na kufungwa. Likofi haikumpa hata hilo, kwa sababu maiti haijibu maswali. Haikusema nani alinunua zile simu, nani aliuza yale mapanga, wala ni mkubwa gani aliyekuwa akiwalipa vijana hao nyakati za siasa. Aliyeuawa alikwenda na majibu yote, na waliomtuma wakabaki kutafuta kijana mwingine. Katika makartie yetu, vijana wa kutafutwa hawajawahi kukosekana.