Kukimbia au kurusha? Hesabu ya Virgil Carter

Kwenye futiboli ya Kimarekani (ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai), kocha anayesimika mfumo mpya wa mashambulizi huambiwa mapema sana: weka mizani. Mara nyingi hiyo hutafsiriwa kuwa nusu ya mashambulizi mtu abebe mpira akimbie nao, nusu mpira urushwe mbele kwa mkono. Nusu kwa nusu inasikika vizuri, sawa. Ila historia ya mchezo wenyewe haiungi mkono, na mmoja wa watu waliotupa namba za kuliona hilo alikuwa mchezaji.

Kumbuka kwamba kurusha mbele kulikuwa marufuku. Watu walisukumana na kugongana katikati, vijana wakavunjika, wengine wakafa, hadi Oktoba 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka 1906 kurusha kukaruhusiwa, lakini kwa faini kali: mpira ukianguka chini bila kuguswa na mtu, wapinzani wanauchukua. Septemba 5 mwaka huo Bradbury Robinson wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alirusha mpira wa kwanza halali dhidi ya Carroll. Ukaanguka, wakapokonywa. Kwa bei hiyo, kocha aliyeendelea kukimbia tu hakuwa mshamba. Alikuwa anapiga hesabu vizuri. Faini zilipolegezwa kidogo kidogo ndipo kurusha kukaanza kulipa.

Sasa twende kwa Virgil Carter. Alisoma takwimu, akaingia Chicago Bears mwaka 1967 kama kwotabeki, yaani yule anayeshika mpira mwanzo wa shambulizi na kuugawa au kuurusha. Huku akicheza, alisoma shahada ya uzamili ya biashara Northwestern. Yeye na Profesa Robert Machol walichukua mashambulizi 8,373 ya msimu wa 1969 na kuuliza swali moja: timu ikiwa hapa, na jaribio la kwanza kati ya manne, kwa wastani pointi zinazofuata zitaenda kwa nani, na ni ngapi? Majibu yalichapishwa 1971 katika jarida la Operations Research. Ukiwa yadi 5 kutoka mstari wa wapinzani, nafasi hiyo ina thamani ya pointi 6 hivi. Ukiwa yadi 5 kutoka mstari wako mwenyewe, ni hasi 1.2. Kumbe unaweza kushika mpira na bado ukawa na deni!

Hapo kukimbia na kurusha vinapata sarafu moja. Huhesabu tena umefanya kila kimoja mara ngapi. Unauliza kila kimoja kimeongeza thamani kiasi gani, na kama kimoja kinalipa zaidi, unakiongeza mpaka walinzi wakizoee na faida ishuke ilingane na ya kile kingine. Ni kama mpiga penalti mwenye mguu mzuri wa kulia na kushoto dhaifu: hana sababu ya kugawa pande sawasawa. Mwaka 2009 Kenneth Kovash na Steven Levitt walichambua mechi za NFL wakakuta timu zilikuwa zinarusha pungufu ya inavyofaa, na tena zinabadilisha-badilisha kupita kiasi. Anayebadilisha kila mara anatabirika, bwana.

Carter mwenyewe alikutana na suala hili uwanjani. Mwaka 1970 alihamia Cincinnati Bengals, ambako Greg Cook, kijana wa mkono wenye nguvu, alikuwa ameumia bega. Mkono wa Carter haukuwa hivyo. Kocha msaidizi Bill Walsh akalazimika kusimika kitu kingine: mipira mifupi, ya haraka, ya kwenda pembeni, mdakaji akimbie baada ya kudaka. Kwenye daftari la takwimu huko ni kurusha, lakini kazi yake ni ya kukimbia: yadi chache, hatari ndogo. Timu ilipoteza mechi 6 kati ya 7 za mwanzo, kisha ikashinda 7 mfululizo na kuchukua kundi lake. Baadaye Walsh alibeba ubingwa mara tatu na San Francisco 49ers akiwa na mtoto wa mfumo huohuo.

Upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1968 walisimika mfumo wa kukimbia ambamo kwotabeki anaamua papo hapo nani abebe mpira, au abaki nao mwenyewe. Walirusha kwa nadra, wakashinda mechi 30 mfululizo. Mizani ilikuwa ndani ya kukimbia kwenyewe, maana mlinzi hakujua amkabe nani. Desemba 6, 1969, wakiwa nyuma 14–8 dhidi ya Arkansas, walibakiwa na jaribio la mwisho na yadi 3 za kupata. Kila kitu kilisema kimbia. Kocha Darrell Royal akaagiza mpira mrefu. James Street akaurusha, Randy Peschel akaudaka yadi 44 mbele, walinzi wawili wakiwa wamemganda. Mashambulizi mawili baadaye, yote ya kukimbia, Texas wakafunga. Matokeo: 15–14.