Ufafanuzi: Ufa katika kufuli la kuwashia kompyuta

Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo nchini Marekani, ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo na Somalia wamepewa makazi mapya, kompyuta ya nyumbani ndiyo hujaziwa fomu za uhamiaji, hutumia fedha kwa jamaa na huhifadhi nyaraka ambazo pengine hazipatikani tena. Anayeinunua ikiwa mtumba hajui nani aliigusa kabla yake.

Ulinzi wenyewe

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyomo katika ubao wake huamka kwanza. Hiyo huita kipakizi, nacho hupakia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji.

Ulinzi uitwao Secure Boot, ulioenea tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, hukagua saini ya kidijitali katika kila hatua. Kisicho na saini halali hakipiti.

Kasoro ya 2020

Tarehe 29 Julai 2020, kampuni ya Marekani ya Eclypsium ilitangaza kasoro iliyopewa jina la BootHole. Ilikuwa ndani ya GRUB2, kipakizi cha matoleo mengi ya Linux.

Kipakizi hicho kilikuwa na saini, lakini faili la maandishi kinalolisoma kupata maelekezo halikuwa nayo. Neno refu kupita kiasi likitiwa humo, lilifurika nje ya nafasi yake katika kumbukumbu, na mshambuliaji akaweza kuendesha amri zake kabla kerneli haijaamka.

Hata hivyo, alihitaji kwanza mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, au kuishika mkononi.

Tiba ngumu

Kurekebisha kipakizi hakukutosha, kwa kuwa matoleo ya zamani yalibaki na saini halali. Ilibidi yaorodheshwe kuwa yamebatilishwa. Baadhi ya kompyuta zenye mfumo wa Red Hat zilishindwa kuwaka baada ya kupokea marekebisho ya mwanzo.

Udhaifu kama huo ulijitokeza tena. Mwezi Machi 2023, kampuni ya ESET ya Slovakia ilithibitisha kuwa programu hasidi ya BlackLotus, iliyouzwa kwa siri kwa dola 5,000, iliupita ulinzi huo hata katika Windows 11 iliyosasishwa. Ilitumia kipakizi cha zamani kilichokuwa bado hakijabatilishwa.

Hatua za kuchukua

Pokea masasisho ya mfumo na ya ubao wa kompyuta. Vyeti vya Secure Boot vya mwaka 2011 vilipangiwa kuanza kuisha muda wake Juni 2026, na vipya hufika kwa njia hiyo. Kabla ya kusasisha, andika pembeni ufunguo wa kufungulia diski iliyofungwa kwa siri, na nakili nyaraka zako kwingine.

Anayenunua kompyuta ya mtumba aifute diski yote kabla ya kuweka mfumo upya. Akibakiza sehemu ya kuwashia, hasidi anaweza kubaki humo.