Shemasi, kasisi, askofu: Nani ni nani katika Kanisa la Kianglikana

MNAMO Septemba 12, 2021, Rose Okeno aliwekwa wakfu mjini Butere na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kanisa la Kianglikana la Kenya (ACK). Wanasiasa mashuhuri walikuwepo. Hata hivyo, hawakupewa nafasi ya kuhutubu, kwani Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitumia ibada hiyo kutangaza kwamba siasa hazitaruhusiwa tena madhabahuni.

Mjadala uliofuata ulidhihirisha jinsi Wakenya wengi wasivyofahamu nani ana mamlaka gani katika kanisa hilo. Vyombo vya habari navyo havijasaidia sana. Mtu yule yule huitwa mchungaji leo, kesho padri, na keshokutwa pasta.

Kimsingi, daraja takatifu ni tatu tu: shemasi, kasisi na askofu. Vyeo vingine vyote, hata viwe na fahari kiasi gani, ni majukumu au heshima anazopewa mtu ambaye tayari yumo katika mojawapo ya daraja hizo. Anayelielewa hilo amekwisha kuelewa nusu ya mambo.

Shemasi ndiye wa kwanza. Huhubiri, husoma Injili, hubatiza na kusaidia katika Meza ya Bwana, lakini haruhusiwi kubariki mkate na divai wala kutangaza ondoleo la dhambi. Mwumini makini atamtambua kwa stola, ule mtandio mrefu, ambao yeye huuvaa kimshazari kutoka bega la kushoto, ilhali kasisi huuning'iniza shingoni. Kwa wengi, ushemasi ni kipindi kifupi cha kuelekea ukasisi.

Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika nchi ambayo sasa ni Kenya walikuwa William Jones na Ishmael Semler, watumwa waliokombolewa na kusomeshwa India. Askofu James Hannington aliwapa ushemasi mwaka wa 1885 huko Frere Town, Mombasa. Miezi michache baadaye Hannington aliuawa Busoga akielekea Buganda. Jones, aliyekuwa ameachwa na sehemu kubwa ya msafara katika eneo la Mumias, ndiye aliyewaongoza watu waliosalia kurejea pwani. Mzigo huo aliubeba akiwa na daraja ya chini kabisa ya kanisa lake.

Kasisi hupewa daraja yake kwa kuwekewa mikono na askofu, makasisi wengine wakishiriki. Yeye ndiye anayeongoza Ushirika Mtakatifu, kubariki ndoa na kulilea kundi. Akikabidhiwa parokia huitwa vika. Jina la mchungaji si kosa, ila hilo hueleza kazi yake kuliko daraja yake. Kuhusu 'padri', Wakenya hulitumia zaidi kwa Wakatoliki, lakini Waanglikana wa Zanzibar na Masasi, ambako injili ililetwa na wamishonari wa UMCA waliopenda taratibu za kale, wamelizoea sana. Kenya ilihubiriwa na CMS, shirika lisilopenda mapambo mengi, na tofauti hiyo ingali inasikika katika msamiati.

Juu ya vika yupo shemasi mkuu, na hapa jina humpotosha msomaji. Licha ya kuitwa shemasi, huyu sharti awe kasisi. Husimamia parokia kadhaa kwa niaba ya askofu, hukagua majengo na hesabu, na kusuluhisha magomvi kabla hayajafika mezani pa mkubwa wake. Provosti huongoza kanisa kuu, yaani lile lenye kiti cha askofu, mathalani All Saints jijini Nairobi. Kanoni, kwa upande wake, ni heshima inayotokana na utumishi uliotukuka. Haimwongezei mtu mamlaka ya kiroho hata chembe.

Askofu ndiye mwenye dayosisi. Ni yeye pekee awezaye kutoa daraja na kuwawekea mikono waumini katika kipaimara. Huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa makasisi na walei, kisha huwekwa wakfu na maaskofu wasiopungua watatu. Kuwekwa wakfu humfanya kuwa askofu; kutawazwa humpa kiti. Magazeti huyachanganya mambo haya mawili kila mara, ingawa mara nyingi hufanyika siku moja. Askofu msaidizi ana daraja kamili ila hana dayosisi yake mwenyewe. Festo Olang' na Obadiah Kariuki walianzia hapo walipowekwa wakfu jijini Kampala mwaka wa 1955 wakiwa maaskofu wa kwanza Waafrika kutoka Kenya.

Askofu mkuu si daraja ya nne. Ni askofu miongoni mwa maaskofu, aliyekabidhiwa uongozi wa provinsi nzima, cheo ambacho Olang' alikuwa wa kwanza kukishika Kenya ilipopata provinsi yake mwaka wa 1970. Huitisha vikao, husimamia kuwekwa wakfu kwa maaskofu na kuwa msemaji wa kanisa, lakini hana uwezo wa kumwamuru askofu mwenzake kama mkubwa wa kampuni amwamuruvyo karani.

Uhuru huo si jambo dogo. Katika miaka ya 1980, serikali ilipoanzisha upigaji kura wa mlolongo, Henry Okullu wa Maseno Kusini, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki na Alexander Muge wa Eldoret walipinga waziwazi, kila mmoja akiwa na kiti ambacho hapakuwa na mtu wa kumng'oa kwa barua moja. Muge alifariki katika ajali ya barabarani mnamo Agosti 1990 akitoka Busia, siku chache baada ya Waziri Peter Okondo kumwonya asithubutu kukanyaga huko. Kifo hicho kingali kinazua maswali.

Okullu huyo huyo alimpa Lucia Okuthe ukasisi mwaka wa 1983, miaka saba kabla sinodi ya provinsi haijaruhusu rasmi wanawake kupewa daraja hiyo. Emily Onyango alifuata Januari 2021 kama askofu msaidizi wa Bondo, na miezi minane baadaye ikawa zamu ya Okeno. Lugha haijawafikia: 'Mama Askofu' kwa miaka mingi limekuwa jina la mke wa askofu.

Kuhusu Askofu Mkuu wa Canterbury, huyo si papa. Ana heshima ya kihistoria, lakini hana amri yoyote juu ya Kenya. Mnamo Aprili 2023 viongozi wa vuguvugu la Gafcon, ambalo ACK ni mwanachama wake, walikutana Kigali na kumkataa kama kiungo cha umoja wao, baada ya Kanisa la Uingereza kuidhinisha baraka kwa wapenzi wa jinsia moja.

Wasisahaulike walei. Kasisi mmoja anapokuwa na makanisa kadhaa ya kuhudumia, wasomaji wa kanisa ndio huongoza ibada za Jumapili, bila stola na bila mshahara wa kasisi. Chansela, mshauri wa askofu katika masuala ya sheria, naye huwa wakili.

Maaskofu wa ACK hustaafu wakitimiza umri wa miaka 65. Kinachokoma ni kazi, si daraja, na ndiyo sababu Eliud Wabukala, aliyestaafu mwaka wa 2016, aliendelea kuitwa askofu hata alipoteuliwa mwenyekiti wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) mwaka uliofuata.