Leza, Baka la Buluu na Ngozi Nyeusi

Mwaka 1939 Dkt. Masao Ota, profesa wa magonjwa ya ngozi mjini Tokyo, alieleza kitaalamu baka ambalo Wajapani walikuwa wakiliona siku zote nyusoni mwa ndugu na majirani. Ni baka la buluu inayoelekea kijivu, kwa kawaida upande mmoja wa uso. Hulizunguka jicho, likapanda kwenye paji na kushuka shavuni, na mara nyingine hutia madoa hata kwenye weupe wa jicho lenyewe. Wapo wanaozaliwa nalo, na wapo linaowatokea wakibalehe, wanawake zaidi ya wanaume. Ota alikuwa pia mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyejulikana kwa jina la Kinoshita Mokutarō. Wasomaji wa Japani wanamkumbuka kwa jina hilo, lakini madaktari wa ngozi duniani kote wanalitaja lile la kwanza kila wanapomwona mgonjwa mwenye baka la Ota.

Hakuna chembe ya buluu ndani ya ngozi hiyo. Kilichomo ni melanini, ileile inayotupa weusi wetu, ila imekaa chini kuliko inavyostahili, kwenye tabaka la ndani. Mwanga ukifika huko, wekundu wake humezwa na ubuluu hutawanyika ukarudi kwa anayetazama. Kina hicho ndicho kilichowashinda matabibu kwa muda mrefu. Waliligandisha baka kwa barafu kavu, wakaikwangua ngozi, wakaikata na kupandikiza nyingine. Kuifikia melanini ya chini kulimaanisha kuharibu kila kilicho juu yake, na mgonjwa aliyeingia na baka akatoka na kovu. Wengi waliona afadhali wajipake poda nzito kila asubuhi.

Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California. Ilitumia kijiti cha rubi na ilitoa mwanga mwekundu wa nanomita 694. Haikuchukua muda kabla ya daktari wa ngozi Leon Goldman, wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, kuanza kuuelekeza mwanga huo kwenye ngozi za watu. Kufikia 1963 alikuwa ameshaandika kuhusu jambo ambalo historia yote iliyofuata imelizunguka: leza ya rubi iliunguza vitu vyeusi, kama vile nywele nyeusi, kuliko ngozi nyeupe iliyovizunguka.

Kwa mgonjwa mweupe hiyo ilikuwa habari njema, kwa kuwa doa jeusi juu ya ngozi nyeupe linajitenga lenyewe. Lakini leza haijui kusudi la daktari. Inaitambua melanini tu, iwe ya baka au ya ngozi nzima. Kwa mtu mweusi, melanini ya kwanza kukutana na mwanga ni ile ya tabaka la juu, inayomkinga na jua. Hiyo ndiyo inayoungua kwanza. Matokeo yake huwa malengelenge, weusi uliozidi, au doa jeupe lisilofutika, na doa jeupe kwenye uso mweusi huonekana kwa mbali kuliko hata baka lenyewe.

Ufafanuzi wa kisayansi ulikuja mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish wa Boston walipochapisha makala yao katika jarida la Science. Hoja yao ilihusu muda. Chembe ya melanini ni ndogo mno na hupoa upesi mno. Mwanga ukiipiga kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde, chembe hupasuka kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa kwa jirani zake. Mbinu ya kuibana nguvu ya leza na kuiachia kwa mpigo mmoja mfupi hivyo ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, nayo ilianzia maabara zilezile za Hughes. Sasa ikapata kazi yake. Mpigo ukitua, ngozi hutoa mlio mdogo mkavu na hapo hapo hubadilika kuwa nyeupe kama majivu, weupe unaotoweka baada ya dakika chache. Vumbi la melanini iliyopasuka huondolewa na mwili wenyewe polepole, kwa wiki na miezi. Kwa baka lililo karibu na jicho, daktari humvisha mgonjwa kikinga cha chuma chini ya kope baada ya kutia ganzi.

Mwaka 1994 madaktari wawili wa Japani, Watanabe na Takahashi, walichapisha katika New England Journal of Medicine taarifa ya wagonjwa 114 wa baka la Ota waliotibiwa kwa leza ya rubi ya mipigo mifupi. Rangi ilififia kadiri vipindi vya tiba vilivyoongezeka, na makovu ya tiba za zamani hayakutokea. Hapa naona jambo la kulisisitiza. Baka hili huwapata zaidi watu wa Asia, na tiba yake ilikomaa pale ambapo wenye baka na madaktari wao walikuwa watu wa ngozi moja. Kwa ngozi zilizokolea zaidi ya hizo, kasi ilikuwa nyingine kabisa.

Hata kipimo cha rangi ya ngozi kinaeleza hivyo. Daktari wa Boston Thomas Fitzpatrick alikitunga mwaka 1975 ili kukadiria dozi ya tiba ya mionzi ya urujuanimno, na maswali yake yalikuwa mawili: unaungua kiasi gani juani, na unapata weusi kiasi gani baada yake? Kililenga watu weupe. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa aina ya tano na ya sita, mwishoni mwa orodha. Aina mbili hizo zimebebeshwa watu wa karibu bara zima, kutoka Mhabeshi hadi Mdinka, kana kwamba ngozi zao ni moja. Mimi siridhiki na kipimo hicho, ingawa ndicho kinachotumika mpaka leo daktari anapopanga nguvu ya leza.

Ufumbuzi kwa ngozi nyeusi ulitokana na kubadili mwanga wenyewe. Melanini humeza mwanga pungufu kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka. Leza ya YAG yenye neodimi hutoa mwanga wa nanomita 1064 usioonekana kwa macho. Unapita tabaka la juu bila kunaswa sana na unazama mpaka lilipo baka. Nguvu hupunguzwa, kipande kidogo hujaribiwa kwanza, wiki kadhaa husubiriwa kuona ngozi inavyopona, ndipo tiba kamili ianze, na vipindi vyake huachanishwa kwa miezi. Ni kazi ya subira, lakini inawezekana. Ile kauli kwamba leza si ya watu weusi, inayosikika mpaka leo, ilikuwa kweli kwa mashine fulani za wakati fulani.

Si kila alama inakubali, hata hivyo. Mabaka ya rangi ya kahawa ya maziwa hufifia kwa baadhi ya watu kisha yakarudi, na hakuna awezaye kumwahidi mgonjwa matokeo. Yakiwa sita au zaidi, mtoto apelekwe kwanza kuchunguzwa, maana huenda ni dalili ya ugonjwa wa kurithi wa neva. Alama kubwa nyeusi zenye nywele ambazo mtoto huzaliwa nazo zina hatari ya kugeuka saratani, na kuifuta rangi ya juu kwa leza kunaweza kuficha mabadiliko ambayo daktari alipaswa kuyaona. Mwenye baka la Ota naye hupimwa macho, kwa sababu presha ya jicho huambatana nalo kwa baadhi ya wagonjwa.

Halafu kuna lile doa la buluu ambalo mama wengi wa Afrika Mashariki wanalijua, kiunoni au makalioni mwa mtoto mchanga. Nalo ni melanini iliyokaa chini, kama ile aliyoieleza Ota. Wageni wasiolijua wamewahi kulidhania kuwa alama ya kipigo. Kwa watoto walio wengi hufifia lenyewe miaka ya utotoni, bila leza na bila dawa.